Maoni ya Halmashauri Kuhusu Kiti cha Kwembago

Nchi hii haipo. Msomaji aliyezoea kuchungulia nyuma ya mlango kabla ya kusoma jambo lolote anaweza kukaa sasa na kutulia. Nchi haipo, viongozi wake hawapo, na barabara zake, kama tutakavyoona, hazipo pia.

Katika nchi hiyo kulikuwa na sheria nzuri sana, Sheria ya Kura ya Barabara. Sheria ilisema kwamba Serikali haitamjengea mwananchi barabara bila kumuuliza kwanza kama yuko tayari kuichangia, kwa tozo ndogo itakayokatwa kwenye chumvi, sabuni na kiberiti. Mwananchi angepewa karatasi yenye maneno mawili, NDIYO na HAPANA, achague moja. Lakini kwa kuwa mwananchi akiachwa peke yake na maneno mawili anaweza kuchanganyikiwa, sheria iliongeza kwamba juu ya maneno hayo yatachapishwa Maoni ya Halmashauri ya wilaya yake, ili ajue anafikiri nini.

Halmashauri zote ziliiogopa kazi hiyo. Zikisema ndiyo, wananchi watasema zinapenda tozo. Zikisema hapana, Wizara itasema zinapinga maendeleo. Basi zikajifunza kutoa maoni bila kuwa nayo. Halmashauri moja iliandika kwamba inaunga mkono barabara lakini haina upande kuhusu kujengwa kwake. Nyingine iliandika kwamba suala hili ni zito, kisha ikaacha nusu ukurasa mtupu kuonyesha uzito wenyewe. Ya tatu ilichapisha picha ya Mwenyekiti wake amevaa kofia ya ujenzi, anatazama mbali.

Wilaya ya hadithi yetu iliitwa Tambarare. Jina hilo ilipewa na waziri mmoja aliyeipitia kwenye ramani, na kwa kuwa waziri hakosei, milima yake kumi na saba iliandikwa katika daftari la ardhi kuwa ni ya muda.

Katika jengo la Halmashauri ya Tambarare, chumba cha mwisho kabisa, baada ya stoo, alikaa Nanzia, Afisa Maoni Daraja la Tatu. Alikuwa na shahada, miwani, na sauti ndogo. Akizungumza kikaoni, waliokaa jirani naye walimpa pole wakidhani amekohoa. Lakini akishika kalamu alisikika, na ndiyo maana alipewa kuandika kila jambo ambalo wakubwa waliona haya kulisema.

Mwaka huo Tambarare ilitakiwa itoe maoni juu ya barabara moja tu: kutoka mjini kupanda Kwembago, kilomita kumi na tisa. Nanzia alizaliwa Kwembago. Mama yake, Nakijwa, alikuwa bado anaishi kule, na alikuwa mgonjwa wa moyo. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Nanzia aliomba kazi kabla hajatumwa.

* * *

Kwembago mgonjwa habebwi kwa gari, kwa sababu gari halijawahi kufika. Hubebwa kwa kiti.

Ni kiti cha mbao chenye mikono, kimefungiwa miti miwili mirefu ya mkaratusi kwa kamba za katani. Hubebwa na wanaume wanne, na wengine wanne hutembea kando wakingoja zamu. Mtu akizidiwa, mwanamke wa nyumba ile hupiga debe mara tatu, na kabla mwangwi haujafika bondeni wanaume huwa wameshaacha majembe. Anayebeba mbele kulia ndiye hutangaza njia: "Jiwe! Maji! Utelezi!" Wengine hunyamaza na kumsikiliza, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja kazi yake ni kubishana na mgonjwa.

Maana watu wa Kwembago waligundua zamani kwamba mgonjwa akibembelezwa hulala, na akilala katikati ya njia ile anaweza asiamke. Kwa hiyo humchokoza. Humwambia mahindi yake ni mabaya, mkwewe ni mvivu, mchuzi wake wa mwaka juzi ulikuwa wa maji. Mgonjwa hukasirika, hujibu, na akiendelea kujibu hufika hospitali akiwa hai. Akianza kukubali kila kitu, wabebaji hukimbia.

Nanzia alipofika, alimkuta mjomba wake Mbonea, msimamizi wa zamu, akikaza kamba za kiti uani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo Serikali imekuja na daftari! Tukimbie au tukae?"

"Kaeni. Nimekuja kuandika habari za kiti."

"Basi andika kwamba dada yangu ni mzito."

Kutoka ndani sauti ya Nakijwa ilijibu, nyembamba lakini kali: "Andika pia kwamba mabega yake ni ya uji!"

"Umemsikia?" Mbonea alicheka. "Safari iliyopita alinitukana kuanzia hapa mpaka getini kwa daktari. Akashuka mzima. Mimi ndiye nililala siku mbili."

Nanzia aliingia ndani akakaa kitandani, miguuni pa mama yake. Miguu ilikuwa imevimba. Aliishika.

"Daktari anasema moyo wako umekuwa mkubwa, mama."

"Kwani yeye aliutaka mdogo?"

"Mama."

"Haya, nimenyamaza." Nakijwa alivuta pumzi, akangoja irudi. "Hiyo barabara, wakubwa wa huko ofisini wanaitaka?"

"Bado hawajajua kama wanaitaka. Ndiyo naandika, ili wajue."

"Basi andika vizuri. Usilie kwenye karatasi, mwanangu. Mtu mkubwa akiona machozi hudhani unamwomba nauli. Waandikie kwamba sisi ni watu."

Nanzia aliandika vizuri. Alikaa siku tatu, akapima njia kwa saa yake, akaandika jinsi zamu zinavyopokezana bila kiti kugusa chini, jinsi mtu anavyobadilisha bega hata mgonjwa asihisi, jinsi kila nyumba inavyojua siku yake kwa miaka arobaini bila karatasi. Aliandika wastani wa safari: saa nne na dakika kumi. Alitaja kila mgonjwa aliyefikishwa hospitali mwaka ule, ishirini na sita, majina yote.

Wasiofikishwa hakuwataja. Kwembago, jina la mtu aliyefia njiani halitamkwi mbele ya watu ambao hawakumzika. Ni kama kumvua nguo mbele ya wageni. Nanzia alikuwa amesoma chuo miaka mitatu, lakini jambo hilo alilijua kabla ya kusoma, na kalamu yake haikuweza kuandika majina hayo ili yakasomwe na watu wanaokunywa soda kikaoni.

Akarudi mjini na kurasa nne. Njiani aliwaza kwamba hakuna mtu mwenye moyo atakayezisoma asione aibu.

* * *

Alikosea, maana hawakuona aibu. Waliona fahari.

Mheshimiwa Kihedu, Mwenyekiti wa Halmashauri, alikuwa na desturi ya kuhutubia amefumba macho, ili asiwaone wanaosinzia. Siku ile, ripoti ilipokwisha kusomwa, hakuna aliyekuwa amesinzia. Wajumbe wawili walikuwa wanafuta machozi. Mwenyekiti alisimama, akafumba macho.

"Ndugu Wajumbe! Kwa muda mrefu Halmashauri yetu imetafuta usafiri wa umma usiokunywa mafuta, usiotoa moshi, usiopata pancha, na unaofika kwa wakati. Tuliutafuta nchi za ng'ambo, safari nne, mimi mwenyewe nikiongoza msafara na kuumwa tumbo kwa chakula cha huko. Kumbe tunao! Kumbe uko Kwembago!"

Makofi yalipigwa. Nanzia, ukutani, alisimama nusu, akakaa.

"Swali langu kwa Mwanasheria," Mwenyekiti aliendelea. "Je, mtu mwenye usafiri kama huu anahitaji barabara?"

Mwanasheria wa Halmashauri, Ndugu Ruzika, alikuwa mtu mwembamba aliyebeba sheria kumi na mbili kwenye mkoba na kuziegemea kama mto. Alisimama taratibu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kisheria barabara ni kile kinachomwezesha mtu kutoka mahali na kufika mahali pengine. Kwa mujibu wa ripoti hii, mtu wa Kwembago anatoka na anafika. Kwa hiyo barabara ipo. Ni vile tu haijaonekana kwa macho."

"Mheshimiwa," Nanzia alisema.

"Pole, binti, chukua maji," alisema mjumbe aliyekuwa jirani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti! Naomba kusema."

Vichwa viligeuka. Mwenyekiti alifumbua jicho moja.

"Wapo waliofia njiani," Nanzia alisema. "Hawamo kwenye ripoti, lakini wapo."

"Vizuri sana. Halmashauri inajali watu wake. Wataje."

Nanzia alifungua mdomo. Aliwaona wote. Aliona nguo ya njano ya mmoja wao, na jinsi Mbonea alivyorudi amekibeba kiti peke yake mgongoni, kwa sababu hakutaka mtu aone uso wake. Jina la kwanza lilifika mpaka kwenye meno. Aliwatazama wajumbe, chupa za soda mbele yao, mmoja anasafisha sikio kwa kalamu.

Alishindwa.

"Siwezi kuwataja hapa, Mheshimiwa."

"Hawezi kuwataja," Mwenyekiti alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto kuteremka ngazi. "Karani, andika: waliofia njiani, hakuna."

Wiki mbili baadaye karatasi za kura zilichapishwa. Juu, kwa herufi nene, palisomeka hivi: "Halmashauri inapenda barabara. Halmashauri inapenda pia kuwakumbusha wananchi kwamba Kwembago ina usafiri wa umma wa kutegemewa, wastani wa saa nne na dakika kumi, na hakuna aliyewahi kupoteza maisha. Mwananchi achague kwa hekima." Chini yake, mahali padogo palipobaki, palikuwa na NDIYO na HAPANA.

* * *

Kitu kikishakuwa usafiri wa umma, Serikali haiwezi kukiacha kikizurura bila kusajiliwa. Wakaguzi watatu walipanda Kwembago, wakashinda siku nzima chini ya mvua wakikizunguka kiti. Walikipa namba, KT 001. Walikibandika vibandiko vya kuakisi mwanga, vyekundu nyuma na vyeupe mbele. Walikiongezea mkanda wa usalama na mtungi wa kuzimia moto wa kilo tisa.

"Moto utatoka wapi, wazee?" Mbonea aliuliza.

"Sheria haiulizi moto unatoka wapi. Inauliza mtungi uko wapi."

Wabebaji walipimwa macho. Wanne wa nyuma walifeli wote, kwa kuwa walipoulizwa wanaona nini mbele walijibu wanaona mgongo wa kiti. Wakafungiwa vioo vya pembeni. Mwisho kiti kilipigwa kibao cha bati: ABIRIA 1.

"Na ikitokea mama na mtoto wake mchanga?" aliuliza Nambua, shangazi yake Nanzia, aliyekuja kutazama na kikapu kichwani.

"Mtoto mchanga ni abiria."

"Amnyonyesheje akimwacha nyumbani?"

"Hilo ni swali la Wizara ya Afya, mama."

Mkaguzi mkuu alimpa Mbonea kitabu cha kanuni, kurasa sitini. Kanuni ya thelathini na moja ilisema kwamba usafiri wowote wa umma unaweza kuchukuliwa na Serikali siku yoyote kwa shughuli ya kitaifa, na Serikali itashukuru.

* * *

Siku ya kura, msimamizi wa kituo cha Kwembago alikuwa Nanzia. Hakuna ofisa mwingine aliyekubali kutembea kilomita kumi na tisa, na baadhi walikuwa wamewasilisha vyeti vya daktari kwa ajili ya magoti. Alifuatana na askari mmoja, Afande Mkwizu, mtu mwema aliyeogopa makosa kuliko alivyoogopa majambazi.

Kituo kilifunguliwa saa mbili asubuhi. Nakijwa aliletwa kwa kushikwa mikono, hatua tano, pumziko, hatua tano. Alitaka kuwa wa kwanza. Alisoma Maoni ya Halmashauri yote, mpaka nukta ya mwisho, akamtazama binti yake.

"Haya uliandika wewe?"

"Hapana, mama." Kisha, kwa kuwa hakuwahi kumdanganya: "Waliyatoa kwenye yangu."

Nakijwa aliweka alama yake kwenye NDIYO, akaikunja karatasi mara nne, akaitumbukiza. Kisha akaligusa sanduku kwa kiganja, kama mtu anayemgusa ndama wake mgongoni.

Kufika saa tatu na nusu watu wote wa Kwembago walikuwa wamekwisha kupiga kura, mia moja arobaini na watatu. Nanzia alikuwa anafunga lakiri aliposikia debe.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Alimkuta mama yake ameegemea ukuta wa shule, midomo imegeuka rangi, kifua kinapanda na kushuka kwa haraka. Wanaume wanane walikuwa wameshafika na kiti. Ndio wanane pekee waliobaki kijijini wenye mabega. Wengine walikuwa wazee, au waliteremka mjini kutafuta kazi na hawakupanda tena.

"Mkalisheni," alisema Mbonea. "Taratibu. Dada, wewe na maringo yako, mpaka siku ya kura?"

"Samahanini," alisema Afande Mkwizu.

Alikuwa amefungua kitabu cha kanuni, kidole kwenye mstari.

"Sanduku lazima liondoke sasa hivi. Lisipofika kabla ya saa tisa, kura zote zinafutwa. Na lazima lisafiri kwa usafiri wa umma uliosajiliwa. Usafiri wenyewe ni huu."

Mbonea alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Afande, sanduku hili nalibeba kichwani na bado mkono mmoja unabaki wa kukupungia."

"Kanuni ya arobaini na nne, mzee. Kura zilizobebwa kichwani zinahesabiwa kuwa zimeingiliwa na mawazo ya mbebaji."

"Basi dada yangu atakaa na kulipakata."

"Kibao kinasema abiria mmoja." Alikigusa kwa kidole. "Na mpiga kura akisafiri na sanduku mikononi, kura zinafutwa. Mimi sikuziandika hizi, wazee wangu. Mimi nimepewa tu."

"Nitambeba mgongoni!" alisema kijana mmoja kati ya wale wanane. Nakijwa alitikisa kichwa. Mara ya mwisho walijaribu mgongoni, kifua kikabanwa, hewa ikakata kabla hawajafika bondeni.

Wote wakamgeukia Nanzia. Yeye ndiye msimamizi. Fomu ya kuchukua kiti ilikuwa na mahali pamoja pa saini, na pale paliandikwa cheo chake.

Alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Nawaambia wakuchukue wewe," alisema. "Kura zifutwe. Sijali."

"Ngoja kwanza." Nakijwa alihema. Alisema maneno machache machache, akiyagawa kama chumvi. "Mwaka ujao nitaumwa tena. Na Nambua ataumwa. Na huyu kijana atakuwa na mke. Mtatubeba sote mpaka lini?"

"Mama, usibishe."

"Mgonjwa habishi?" Alijaribu kucheka. "Kashushe sanduku. Kisha wapandishe gari la hospitali mpaka pale njia ya gari inapoishia, mimi wazee watanisogeza. Nitangoja."

"Utangoja kweli?"

"Nilingoja uzaliwe siku tatu. Nenda."

Nanzia alitia saini. Kalamu ilipita kwenye karatasi bila shida yoyote, na jambo hilo lilimuumiza baadaye kuliko mengine: kwamba wino ulitoka vizuri.

Walilikalisha sanduku kwenye kiti, wakalifunga mkanda wa usalama. Wanaume wanne walinyanyua, na mtungi wa kilo tisa ukagonga mguu wa kiti. Wakaanza kuteremka. Hakuna aliyebishana na mtu. Mbele kulia Mbonea alitangaza mawe na maji, na machozi yalikuwa yanamwagika mpaka shingoni, naye hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa kazini.

* * *

Walifika saa nane na dakika tano.

Nanzia alikabidhi sanduku, kisha akakimbilia hospitali. Gari lilikuwepo, lakini dereva alikuwa ameenda kupiga kura kijiji cha kwao. Alirudi mbio ukumbini kumwomba Mwenyekiti gari lake. Alimkuta jukwaani, matokeo yanatangazwa, na walinzi hawakumruhusu kupita mpaka hotuba iishe.

Mjini kura zilikuwa zimegawanyika karibu sawa, HAPANA ikiwa mbele kidogo. Kisha likafunguliwa sanduku la Kwembago. Zote mia moja arobaini na tatu zilikuwa NDIYO. Wilaya nzima, NDIYO ilishinda kwa kura thelathini na moja.

Nanzia alishika ukuta. Kwa muda mfupi, pumzi kama nne hivi, alifurahi. Hakujisamehe pumzi hizo kwa muda mrefu.

Mheshimiwa Kihedu alifumba macho.

"Wananchi wa Tambarare! Mmeamua. Halmashauri, ambayo daima iliipenda barabara, inayapokea maamuzi yenu kwa mikono miwili. Sasa nimwombe Mwanasheria atueleze utekelezaji."

Ruzika alisoma kwenye karatasi. "Sanduku la Kwembago liliondoka saa nne kamili na kufika saa nane na dakika tano, dakika tano chini ya wastani, likiwa salama, limefungwa mkanda. Wananchi waliomba njia ya kutoka Kwembago hadi mjini. Leo, mbele ya mashahidi, njia hiyo imetumika na imefanya kazi. Kwa hiyo ombi lao limetekelezwa ndani ya siku moja ya kura, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya nchi hii. Tozo ya chumvi, sabuni na kiberiti itaanza Jumatatu, kugharamia matunzo ya kiti."

Bendi ilipiga. Wajumbe walikumbatiana. Katikati ya matarumbeta simu ya Nanzia ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa Nambua. Kwembago mtandao hupatikana juu ya jiwe moja tu, na Nambua alikuwa na miaka sitini na nane.

"Shangazi! Natafuta gari, shangazi, mwambie..."

"Nanzia." Upepo ulikuwa unavuma kule juu. "Usikimbie sasa, mwanangu. Njoo taratibu."

Nanzia aliziba sikio la pili kwa kiganja.

"Nilibishana naye," Nambua alisema. "Nisikilize, sikumwacha hata kidogo. Nilimwambia mimi napika kuliko yeye. Akanitukana. Nilimwambia maharage yake mwaka huu ni mabaya. Akanitukana tena, mpaka wazee wakacheka. Ilipofika saa saba nikamwambia yangu ni mazuri zaidi." Sauti ilikatika, ikarudi. "Akaniambia, 'Kweli, Nambua. Yako ni mazuri.'"

* * *

Walimzika siku ya pili yake, saa tano asubuhi, mvua ikiwa imekatika.

Watu walikuwa wameshamteremsha Nakijwa kaburini pale msafara wa Halmashauri ulipotokea kwenye ukingo wa kilima. Mwenyekiti alikuwa amesisitiza kuja mwenyewe, maana redio ilikuwa imemsifu usiku kucha kwa utekelezaji wa siku moja. Aliondoka mjini alfajiri na watu kumi na wawili. Walifika wanne. Wengine walikaa njiani kwenye mawe wakisema watafuata. Mwenyekiti alikuwa na kiatu kimoja. Suti yake ilikuwa nyeusi kuanzia kiunoni kwenda juu, na chini yake haikujulikana tena ilikuwa rangi gani. Kwenye paji la uso alikuwa na mkwaruzo unaotoka damu.

Alitoa hotuba kutoka mfukoni. Karatasi ilikuwa imelowa na kujikunja, akaifungua, ikachanika, akairudisha. Alisimama pale akihema mbele ya watu waliokuwa wanamtazama bila hasira, wamechoka tu, makoleo mkononi.

Kisha akamfuata Nanzia kando ya kaburi. Macho yake yalikuwa wazi yote mawili.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini. "Pole. Mimi sikujua. Hii si njia. Hii si njia ya kumpitisha binadamu."

Nanzia alimgeukia.

"Hayo ni maoni ya Halmashauri, Mheshimiwa, au ni yako?"

Mwenyekiti aligeuka nyuma. Ruzika alikuwa hatua sita kutoka pale, amekaa chini, anajaribu kukausha mkoba wake kwa majani.

"Ni yangu," Mwenyekiti alinong'ona. "Tafadhali, usiyaandike."

"Sitayaandika," Nanzia alisema. "Leo nimekuja kuzika."

Akampa mgongo, akainama, akachota udongo kwa mikono miwili.